Kitambulisho cha Taifa na Kizuizi cha Mpakani

Mwezi Januari mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kuwaruhusu raia wao kuvuka mipaka baina yao kwa kitambulisho cha taifa, bila ya pasi. Tanzania na Burundi hazikuwemo. Hatua hiyo ilikuwa halali kwa mujibu wa Ibara ya 9 ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010.

Hata hivyo, kitambulisho humhusu mtu tu. Gari lina hati zake. Dereva atokaye Kampala kwenda Kigali hudaiwa leseni, kadi ya gari, idhini ya mwenyewe iwapo gari si lake, kibali cha muda cha forodha, na bima inayotambuliwa ng'ambo, yaani kadi ya njano ya COMESA. Mtu aweza kuruhusiwa kupita, gari likabaki.

Njia hiyo hupita Gatuna, na hapo ndipo makubaliano ya mwaka 2014 yalipojaribiwa. Februari 2019 Rwanda iliyazuia malori ikitaja kazi za ujenzi, kisha ikawazuia raia wake kwenda Uganda, ikidai kwamba walikuwa wakikamatwa na kuteswa huko. Uganda ilikanusha, nayo ikaituhumu Rwanda kwa ujasusi. Vitambulisho vilikuwa vilevile, lakini wafanyabiashara na ndugu wa pande mbili walitengana kwa karibu miaka mitatu. Mpaka ulifunguliwa Januari 31, 2022, siku chache baada ya Luteni Jenerali Muhoozi Kainerugaba, wakati huo Kamanda wa Majeshi ya Nchi Kavu ya Uganda, kukutana na Rais Paul Kagame mjini Kigali.

Sisi tuvaao sare hatuna budi kulitafakari jambo hili. Ibara ya 7 ya Itifaki inairuhusu nchi kuweka zuio kwa ajili ya usalama, utulivu au afya ya jamii, lakini inaitaka iziarifu nchi wanachama wenzake. Zuio, basi, ni uamuzi wa serikali, wala si wa askari aliye lindoni. Wajibu wake ni kuzijua hati, kuzikagua kwa makini na kumrudishia mwenyewe. Akimzuia msafiri mwenye hati halali kwa sababu ya lafudhi au kabila lake, atakuwa ameufunga mpaka ambao serikali yake imeuacha wazi.