TAHARIRI: Ridhaa ya Wazazi Ndiyo Nauli ya Kwanza

 

Ndugu Waislamu, vijana wa madrasa zetu hapa Segese hutujia na ombi moja: "Ustadhi, nataka kwenda kusoma nje, lakini mzee hataki." Wapo wanaotutaka tuwasaidie kupata pasipoti kimyakimya, wazazi wajulishwe wakiwa wamekwisha kuondoka. Hilo hatulikubali.

Ni kweli Surat Tawba, aya ya 122, yahimiza kila jamii itoe kundi la kujifunza dini, kisha lirejee kuwaonya wenzao. Lakini alipokwenda mtu kwa Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya jihadi, aliulizwa kwanza iwapo wazazi wake wako hai. Alipojibu kuwa wako hai, akaelekezwa afanye juhudi yake katika kuwahudumia. Ikiwa ndivyo kwa jihadi, itakuwaje kwa shahada?

Tumtazame Imam Bukhari. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama. Akiwa na miaka kumi na sita hivi alikwenda Hija pamoja na mama yake na ndugu yake. Wao wakarudi Bukhara, yeye akabaki Makka kutafuta hadithi. Mama alirudi akijua mwanawe yuko wapi na anafanya nini.

Mwandishi wa tahariri hii naye alikataliwa. Marehemu baba aliniuliza mambo matatu. Nani atalima majaruba ya mpunga? Utarudi lini? Na ukirudi, utaswali nasi au utatuita wapotofu? Nilimjibu kwa aya na hadithi, akanyamaza. Nilidhani nimeshinda, kumbe nimemfungia mlango.

Mwaka uliofuata nilikwenda pamoja na imamu wetu, nimechukua barua ya chuo iliyofasiriwa kwa Kiswahili. Tulikubaliana mdogo wangu ashike jembe, nami nikataja mwaka wa kurudi. Swali la tatu sikuwa na jibu lake, nikatoa ahadi tu. Baba akaniombea dua, akauza mbuzi wawili nipate nauli ya kufika Dar es Salaam.

Vijana, swali lile la tatu ni la haki. Wapo wenzetu waliorejea na vyeti, na siku ya kwanza wakawakemea wazee mbele ya jamaa. Kila anayefanya hivyo huwafungia njia vijana kumi wa nyuma yake. Anzeni kujibu sasa, kwa adabu yenu nyumbani kabla ya safari.

Nanyi wazazi wetu, tuna neno kwenu. Kijana wa miaka kumi na sita akishuka duarani kutafuta dhahabu, wengi wenu hamkatazi. Mnakumbuka Oktoba 2015 shimo lilivyoporomoka Nyangalata, watano wakatolewa hai baada ya siku 41. Vipi Madina iogopeshe kuliko duara? Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoanzishwa huko mwaka 1961 humpa mwanafunzi wa nje masomo, malazi, posho, na tiketi ya kuja likizo.

Hatusemi hakuna hatari. Vita vilipolipuka Khartoum Aprili 2023, wanafunzi Watanzania walilazimika kurejeshwa nyumbani. Basi ulizeni: chuo gani, nani analipa, ni miaka mingapi, nani wa kwetu yuko huko? Mkiona nje ni mbali, Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kipo tangu 2005. Lakini msikatae kabla ya kusikiliza.

Mwenye barua ya chuo na aje kwa imamu wake. Tutafuatana naye hadi nyumbani, tukae na mzee, na tukikataliwa tutarudi tena kwa adabu ile ile. Kijana aondoke akisindikizwa na dua za wazazi wake, na arudi awasalishe.

Wabillahi tawfiq.