Mifugo ya Machimboni Nayo Ipimwe

Kila yanapotajwa machimbo ya dhahabu humu nchini, habari huwa ni za watu waliofukiwa au dhahabu iliyotoroshwa. Ng'ombe anayelisha kando ya shimo hana wa kumtaja. Naona hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa ng'ombe huyo hukamuliwa, na mwishowe huchinjwa akaliwa.

Tutazame Kabwe, nchini Zambia. Mgodi wa risasi na zinki uliochimbwa huko kwa takriban miaka 90 ulifungwa mwaka wa 1994, lakini vumbi lake lingali udongoni. Miaka mingi baadaye wataalamu waliwapima ng'ombe na kuku wa eneo hilo, wakakuta risasi kwenye maini na figo. Mnyama halishi nyasi tupu. Wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa fupi, humeza na udongo. Risasi hiyo hukaa mifupani, nyingine ikatoka na maziwa, na kuchemsha hakuiondoi. Anayedhurika zaidi ni mtoto, ambaye ubongo wake ungali unakua.

Turudi kwetu. Huko Migori, mgodi wa Macalder uliofungwa miaka ya 1960 uliacha marundo ya masalio, na wachimbaji wadogo wangali wakinasa dhahabu kwa zebaki karibu na mito inayonywesha mifugo. Sisemi kwamba kila kibuyu cha maziwa cha Nyatike kina sumu. Uvumi wa namna hiyo ungewafilisi wafugaji bure. Lakini mkaguzi wa nyama kichinjioni ana macho na kisu tu. Kwa kisu ataona minyoo ya ini na vivimbe vya kifua kikuu. Zebaki ataionaje?

Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 imeitengea jamii inayoishi machimboni asilimia 10 ya mrabaha, na kaunti asilimia 20 (ingawa fedha zenyewe huchelewa mno kufika). Napendekeza sehemu yake igharimie kupimwa kwa maini, maziwa na nyasi katika maabara, masika na kiangazi, na matokeo yasomwe katika baraza la chifu badala ya kufungiwa kabatini Nairobi. Wakati huo huo, kila mwenye kidimbwi cha kuoshea dhahabu na akizungushie ua wa miiba, mifugo isikifikie.