Nani Kaacha Kazi?

Ndugu msomaji, leo tupige darasa kidogo la sarufi. Usikimbie, halina mtihani.

Kitenzi ni "acha". Kinyambue upate "achisha", endelea upate "achishwa". Haya mambo tulifundishwa shuleni, tukakariri, tukajibu maswali, tukasahau siku hiyohiyo. Tuliona ni mambo ya walimu na chaki zao. Kumbe hapo kwenye visilabi hivyo ndipo vijana kibao wa mji huu wanapokula au kulala njaa. Aliyeachishwa kazi ana haki ya fao la kukosa ajira. Aliyeacha hana. Basi, habari imekwisha hapo.

Sheria yenyewe haina maneno mengi. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya Bara iliunganishwa ikabaki miwili, PSSSF kwa watumishi wa umma na NSSF kwa sisi wa sekta binafsi. Lile fao la kujitoa tulilolizoea likawekwa kando. Wakubwa walishajaribu kulifuta mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini wakachachamaa, ikabidi warudi nyuma. Safari hii kikaletwa kitu kipya mahali pake: kama umechangia miezi 18 au zaidi, na kazi imekwisha bila wewe kuiacha kwa hiari, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara wako kwa miezi 6.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu haina majungu. Mimi nilikuwa nikipanga kurasa kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji, mshahara shilingi 300,000. Michango ni asilimia 20, bosi nusu na mimi nusu, yaani 60,000 kila mwezi. Nilikaa miezi 28. Jumla 1,680,000. Fao ni 99,900 kwa mwezi, mara 6, unapata 599,400. Kwa hiyo anayesema serikali inatulea sisi tusio na kazi, namwomba arudie kuhesabu taratibu. Hata nusu ya kilichowekwa kwa jina langu sijaigusa. Zilizobaki zinausubiri uzee wangu.

Lakini ugomvi wangu leo si kiasi. Ugomvi wangu ni barua.

Ili uthibitishe kwamba umeachishwa, unatakiwa uwe na barua ya kuachishwa kazi. Sasa we mwenyewe niambie, barua hiyo inatoka kwa nani? Inatoka kwa yuleyule aliyekutimua! Yeye ndiye shahidi wako. Ni kama kuku aende kumwomba mwewe amwandikie hati kwamba vifaranga vimeliwa.

Na mwewe wa siku hizi kasoma. Anajua kwamba akiandika "tumekuachisha" atadaiwa sababu, atadaiwa notisi, likizo, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na anaweza kuburutwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akikupata wewe uandike "naacha", mengi katika hayo yanayeyuka. Siku kibarua chetu kilipoota nyasi tulikuwa watano. Tuliitwa mmojammoja ofisini kwa afisa utumishi. Mezani palikuwa na karatasi nyeupe, kalamu, na karatasi nyingine ya mfano: mimi fulani naomba kuacha kazi kwa hiari yangu mwenyewe kwa sababu za kifamilia. Yaani hata familia zetu walishazitungia sababu. Ukinakili kwa mwandiko wako, mshahara wa mwisho unaupata keshokutwa. Usiponakili, "subiri utaratibu".

Wenzangu wanne walinakili. Sitaki kusikia mtu anawaita wajinga. Mmoja alikuwa anadaiwa kodi, na katika mji huu mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi, anataka ya miezi 6 kwa mkupuo. Mwingine ana mtoto mchanga. Wa tatu alikuwa na balaa lake jingine: kwenye slipu za mshahara kakatwa miezi 21, alipokwenda kuulizia akakuta mfuko unaitambua 16. Ile mingine ilikatwa ikaishia njiani, mifukoni mwa bosi. Huyo, kwa hesabu ya miezi 18, hata angeandikiwa barua ya dhahabu isingempa hiyo asilimia 33.3.

Mimi niligoma. Nilisema sina sababu za kifamilia, mama yangu mzima na sijaoa. Nikatoka pale mikono mitupu, sijaacha wala sijaachishwa. Yaani kwa karatasi mimi bado mfanyakazi, ila kiti changu kakalia mwingine!

Dada wa dirishani kwenye mfuko hakuwa na neno baya. Aliniuliza kitambulisho cha taifa nikampa, namba ya benki nikampa, barua sina. "Kaka, bila barua mimi nitajuaje kama hukuacha mwenyewe?" Swali la haki kabisa, na jibu lake analo bosi.

Nilikwenda Tume ndani ya zile siku 30 zinazowekwa kwa mtu anayelalamikia kuachishwa. (Ndugu, hizo siku zishike. Wengi wanazimaliza kijiweni wakisubiri bosi apoe.) Huko ndiko nilikojifunza kwamba sheria inakujua kuacha kazi kwa kulazimishwa. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema mwajiri akikufanyia kazi isikalike mpaka ukaandika barua, kule nako ni kuachishwa. Safi sana. Ila uthibitishe wewe, uliyeandika kwa mkono wako maneno "kwa hiari yangu mwenyewe". Mara ya kwanza bosi hakutokea. Mara ya pili alimtuma mtu. Barua yangu niliipata mwezi wa nne, mistari mitatu. Miezi 4 kwa mistari 3! Na katika miezi hiyo nilikula kwa dada yangu, na shemeji akaanza kukohoa kila nikifungua sufuria.

Nasema hivi: utaratibu huu ugeuzwe. Mfuko ndio unaopokea michango, kwa hiyo mfuko ndio wa kwanza kuona kwamba ya kwangu imekatika. Niruhusiwe kuandika mwenyewe kwamba nimeachishwa, tarehe fulani, kazi fulani. Bosi apewe siku kadhaa za kujibu. Akikaa kimya, neno langu lisimame. Akisema niliacha mwenyewe, athibitishe yeye, mwenye kabati la mafaili na mwanasheria wa kulipwa. Na barua yoyote ya "hiari" isihesabiwe kama haikusainiwa mbele ya mtu wa nje, awe wa chama cha wafanyakazi au ofisi ya kazi.

Wapo watakaosema mkifungua mlango huo watu wataacha kazi makusudi ili wachote fao. Jamani! Nani ataacha 300,000 aende kufukuzia 99,900, tena kwa miezi 6 tu, tena kutoka kwenye fedha aliyochangia mwenyewe? Kama mtu huyo yupo mleteni, tumtungie riwaya.

Na sijawagusa wale ambao mlango huu hawajauona hata kwa mbali: machinga, dada wa kazi za ndani, konda, kijana wa bodaboda. Hao wakipigwa chini hawana cha kuacha wala cha kuachishwa. Habari yao inataka kurasa zake.

Sisi tunaojiita waandishi tuna jambo letu hapa. Tunagombana kila toleo juu ya mashairi yenye vina na yasiyo na vina. Wakati huohuo, kazi ya uandishi inayobadilisha maisha ya vijana wengi mjini ni ile ya sentensi moja, inayonakiliwa mbele ya meza ya mtu mwingine kwa kalamu ya mtu mwingine. Baba zetu, viwanda vilipobinafsishwa miaka ya 1990, waliitwa "waliopunguzwa". Lilikuwa neno la kuudhi, lakini angalau lilikiri kwamba kuna mkono uliopunguza. Sisi tumeandikiwa kitenzi ambacho mtendaji wake ni sisi wenyewe.

Naikusanya hiyo sentensi. Mwenye nakala ya barua ya namna hiyo, yake au ya rafiki, aifute majina na jina la kampuni aiache kwa mhariri. Ninazo 3 mpaka sasa, kutoka sehemu 3 tofauti, na zote zina "sababu za kifamilia".