Tausi wa Jersey City Hawakubahatisha

Kila Machi, mashindano ya basketboli ya vyuo vya Marekani yakianza, lazima mtu akuletee hadithi ya Saint Peter's, na lazima aimalize kwa neno "muujiza". Hebu tuache hiyo story.

Chuo hiki kidogo cha Jersey City kiliingia mashindano ya 2022 kikiwa nambari 15 kati ya timu 16 za kundi lake. Kikaangusha Kentucky 85–79 katika muda wa ziada, kisha Murray State 70–60, kisha Purdue 67–64. Hakuna nambari 15 aliyewahi kufika robo fainali kabla yao. Mara moja ni bahati, sawa. Mara tatu mfululizo? Hiyo ni kazi: ulinzi wa kubana, na kocha, Shaheen Holloway, aliyejua anachofanya.

Wasimulizi hukatia hapo. Hawasemi North Carolina iliwachapa 69–49, na siku 3 baadaye Holloway alikuwa kocha wa Seton Hall. KC Ndefo akamfuata. Doug Edert akaenda Bryant, Daryl Banks akaenda St. Bonaventure. Siwalaumu. Nani hukataa pa kusonga mbele?

Ila muujiza hauhitaji bajeti, ndiyo maana wenye nazo wanalipenda hilo neno. Kazi, lakini, lazima ilipwe. Kwa hivyo wewe mpenzi wa wanyonge, shangilia Machi upendavyo. Aprili, kikosi kikisambaratika, uliza pia: nani alikuwa na pesa za kukibakisha?