Bettelheim Hakukisoma

Mwaka 1969, mwanasaikolojia Bruno Bettelheim aliandika katika Ladies' Home Journal kwamba kitabu cha Maurice Sendak, Where the Wild Things Are, kingewatia watoto hofu ya kutelekezwa: mama anamlaza mwanawe Max bila chakula cha jioni. Kitabu chenyewe hakuwa amekisoma. Alitegemea masimulizi ya akina mama.

Kukihukumu hivyo si kuwalinda watoto!

Angekifungua, angemwona Max akiwatawala madubwana, akikinai ufalme, kisha akirudi chumbani na kukuta chakula chake kingali moto. Mama hakumtelekeza. Hasira inaruhusiwa, mapenzi yanabaki. Na hilo ndilo hasa mtoto aliyeadhibiwa anahitaji kulisikia. Kitabu kilikuwa tayari kimetunukiwa Medali ya Caldecott mwaka 1964, na watoto wanaendelea kukiomba.