Homa inayorudi mara ya tatu isiitwe malaria tu

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Kinshasa na popote mulipo,

Leo tunasema juu ya kansa ya damu ya watoto, ile waganga wanaita leusemi. Wengine watauliza: na vita hii yote, mumekosa ya kusema? Apana. Kule Masisi na Walikale mtoto anaweza kukaa na huu ugonjwa wiki nyingi, mama yake anauona kila siku, na hakuna mtu anayeuita kwa jina lake.

Msimamo wetu ni huu: wazazi wetu hawakosi macho. Kinachokosekana ni kipimo kimoja cha damu, pamoja na njia ya kukifikia.

Angalieni namna mambo yanavyokwenda. Mtoto anaanza homa. Kwenye kituo cha afya wanamtoboa kidole, malaria inaonekana, anapewa dawa. Hapo hakuna kosa. Kwetu malaria inaua watoto wengi, lazima itibiwe haraka. Lakini homa inarudi, na dawa zile zile zinarudi. Mtoto anapungukiwa damu, anaongezewa, anapata nguvu, anarudi nyumbani. Wiki chache tu, damu imepungua tena. Na kile kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa hata kama dawa zimefanya kazi yake. Mama anasema: « Huyu mutoto haiko malaria tu. » Wanamujibu: « Mama, tuliza roho. »

Huyo mama ana haki ya kusikilizwa, na sababu yake ni rahisi kuelewa. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Leusemi inajaza uboho na chembe mbovu, na chembe nzuri zinakosa nafasi. Chembe nyekundu zikipungua, mtoto anakosa damu na anachoka. Chembe za kugandisha damu zikipungua, anavuja damu. Chembe nyeupe nzuri zikipungua, homa haiishi. Mambo matatu, chanzo kimoja.

Kwa hiyo muzazi aangalie nini? Viganja, midomo na ndani ya kope kukosa rangi. Homa inayorudi hata baada ya dawa. Damu kwenye fizi au puani. Alama za kuvilia damu wakati mtoto hakuanguka. Vidoa vidogo kama ncha ya sindano, ambavyo haviondoki ukibonyeza. Kwenye ngozi yetu nyeusi havionekani vizuri, basi angalia nyayo na ndani ya mdomo. Matezi ya shingo au ya kwapa yaliyovimba. Tumbo gumu chini ya mbavu. Na mifupa: mtoto anachechemea, analia usiku juu ya miguu, anakataa kucheza na wenzake.

Alama moja peke yake mara nyingi ni kitu kingine, hatutaki kutisha watu. Lakini zikija mbili ao tatu pamoja, na malaria imeshatibiwa, muzazi asikubali kurudi nyumbani bila NFS, yaani kile kipimo kinachohesabu chembe zote za damu. NFS haitoshi kuthibitisha leusemi, lazima baadaye waganga wachunguze uboho wenyewe. Lakini ndiyo inayosema: hapa kuna shida, huyu mtoto apelekwe mbele.

Tena jambo moja la hatari. Kwenye maduka ya dawa deksametazoni inauzwa kama karanga. Kwa mtoto mwenye alama hizi inaweza kuficha leusemi kwa muda, anaonekana amepona, kumbe ugonjwa uko unaendelea. Aspirini nayo inaongeza kuvuja damu. Musiwape kiholela.

Leusemi haiambukizi. Si karuho, si laana, wala hakuna jirani aliyeileta. Tunaheshimu maombi, lakini mama aombe akiwa njiani kwenda hospitali. Mtoto mwenye leusemi hana miezi ya kusubiri ndani ya chumba cha maombi.

Na tusidanganyane kwamba kansa ni kifo tu. Shirika la Afya Duniani linasema katika inchi tajiri watoto zaidi ya 80 kwa 100 wenye kansa wanapona, na katika inchi nyingi maskini ni chini ya 30. Mtoto wa Masisi hakuzaliwa na damu ya bei ndogo. Tofauti ni kugundua mapema, kupata dawa, na kumaliza matibabu, ambayo kwa leusemi ya kawaida ya watoto yanachukua miaka miwili mpaka mitatu. Moja ya dawa zake kubwa, vincristine, inatoka kwenye ua la Madagascar, ua la Afrika, ambalo watu wanapanda mbele ya nyumba juu ya uzuri tu. Kampala ina taasisi ya kansa tangu 1967. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, inatibu kansa tangu 2012. Kinshasa nako kuna waganga wanaotibu kansa ya watoto.

Lakini mtoto atafikaje? Walikale ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni pori ambamo mgonjwa anabebwa mgongoni ao kwenye moto. Masisi-centre ilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Walikale-centre nayo ilichukuliwa mwezi wa tatu, kabla ya wapiganaji kuondoka pale mwanzoni mwa Aprili. Kila mara mstari wa vita unapohama, njia ya mgonjwa inakatika.

Kwa hiyo tunadai:

Kwanza, kila hospitali kuu ya Masisi na Walikale iwe na mashine ya NFS inayofanya kazi, na dawa zake za labo zisikatike. Ardhi inayotoa koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie haiwezi kukosa bei ya mashine ya kuhesabu damu.

Pili, wenye silaha wote, wawe wa serikali ao wa upande mwingine, waache mgonjwa apite kwenye vizuizi bila kulipa hata franga moja.

Tatu, serikali ilipe safari na matibabu ya mtoto aliyegunduliwa na kansa. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2001 kuipa afya 15 kwa 100 ya bajeti. Ahadi hiyo bado tunaidai.

Na sisi vijana wa mjini tuna kazi yetu. Mama mudogo akipiga simu toka kijijini kusema mtoto ana homa tena, usimutumie tu franga za dawa ya malaria ya tatu. Muulize: Ana damu? Ana vidoa? Anatembea vizuri? Homa ilianza tarehe gani? Mwambie aandike tarehe kwenye daftari, apige picha ya alama. Kama majibu si mazuri, tuma franga za moto na za NFS leo, usisubiri mwisho wa mwezi.

Mama akisema kwamba si malaria tu, tumuamini na tumupime mtoto damu.