Kidonge si Nguvu

Kuna jambo la viwanja vya michezo ambalo hatuwezi kulinyamazia. Mkubwa amwita kijana kando, amwambia: «Meza hiki kidonge, utakimbia hata jua litue.» Kijana amheshimu mkubwa wake, ameza. Twauliza: mkubwa huyo ni rafiki au adui?

Yeye ajibu: «Si pombe, si bangi, ni dawa tu, nayo hutoka hospitali.» Maneno ya udanganyifu! Dawa humfaa mgonjwa kwa kuwa mganga amempima na kumwandikia kiasi chake. Mwenye afya akiimeza ili ashinde mchezo, hana ugonjwa wa kuponywa; yambakia hatari peke yake.

Tena, kidonge hicho si nguvu. Uchovu ni mlinzi ambaye Mungu amemweka mlangoni mwa moyo; akipiga kelele, sherti tupumzike. Amfetamini humziba mlinzi huyo kinywa: moyo waenda mbio, mwili wazidi joto, naye mchezaji hasikii kitu. Tom Simpson, Mwingereza, alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kinga mwaka 1965. Tarehe 13 Julai 1967, katika jua kali, alianguka na kinga yake akipanda mlima Ventoux huko Ufaransa, akafa. Umri wake miaka 29. Waganga walikuta mwilini mwake amfetamini na pombe.

Wala tusiseme ni mambo ya Wazungu. Jemima Sumgong wa Kenya alishinda marathoni ya Olimpiki huko Rio mwaka 2016. Mwaka uliofuata alipimwa, ikaonekana EPO, dawa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akafungiwa kukimbia. Chembe hizo zikizidi, damu yawa nzito. Yaweza kuganda na kuziba mshipa wa moyo au wa ubongo.

Na tramadoli? Ni dawa ya maumivu makali, lakini katika miji mingi ya Afrika huuzwa sokoni pasipo karatasi ya mganga. Humfunga mtu hata asiweze kuiacha. Ikizidi, huleta kifafa na kuzima pumzi. Tangu tarehe 1 Januari 2024 imekatazwa wakati wa mashindano na WADA, shirika la dunia linalopiga vita dawa hizi.

Wengine watasema: «Sisi wa Kasongo na Kabambare si watu wa Olimpiki. Mchezo wetu ni wa jumapili, nani atatupima?» Hakuna. Na hiyo ndiyo hatari yetu. Kwenye mashindano makubwa mganga yuko kando ya kiwanja. Kwetu mpimaji ni dhamiri tu, na kijana akianguka, hospitali yaweza kuwa mbali.

Mtakatifu Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Nani achome hekalu ili apate kikombe? Kuiba ushindi ni zambi. Kumpa mtoto wa mwenzako sumu kwa ajili ya sifa ya ekipe ni zambi kubwa zaidi.

Ninyi viongozi wa ekipe, tupeni vidonge hivyo. Wapeni vijana mazoezi, chakula chema, maji na usingizi. Ninyi wazazi, ulizeni mtoto anameza nini kabla ya mchezo. Nawe kijana, kataa bila haya. Afadhali kushindwa na kurudi nyumbani kwa miguu yako, kuliko kushinda na kurudishwa katika machela.